Mshipa wa Kuazima

Moyo hupitisha damu ya mwili mzima mchana na usiku, walakini hauinywi damu ile ipitayo vyumbani mwake. Mfano wake ni mteka maji ambaye ndoo za mji mzima hupita mikononi mwake, naye hana ruhusa ya kunywa ila kwa kata yake mwenyewe. Kata ya moyo ni mishipa miwili myembamba itokayo mwanzoni mwa mshipa mkuu, ikauzunguka moyo kwa nje kama kilemba kizungukavyo kichwa. Upana wake ni milimita 3 au 4 tu. Mmoja ukizibika, sehemu ya moyo uliyokuwa ukiinywesha hufa kwa kiu, hali damu tele yapita karibu yake. Habari ya jinsi wanadamu walivyojaribu kuunywesha moyo wenye kiu, kisha wakalazimika kuitibu dawa yao wenyewe, ni moja katika habari za ajabu za elimu ya uganga wa karne ya 20 na ya 21.

Kiswahili hakikuona haja kubwa ya kuitenga mishipa. Mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, na hata ngiri huitwa mshipa na watu wengi. Katika habari hii, lakini, ukarimu huo wa lugha hauna budi kuwekwa kando, maana msiba wote umetokana na tofauti ya mishipa ya aina mbili. Ateri ni mshipa utoao damu moyoni. Ukuta wake ni mnene, wenye misuli, umezoea kupigwa na wimbi la damu kila moyo unapopiga. Vena ni mshipa urudishao damu moyoni. Ukuta wake ni mwepesi, na kwa mtu aliyelala nguvu ya damu ndani ya vena ya mguu ni kama sehemu ya kumi tu ya ile iliyomo katika ateri. Ateri yafanana na mfereji wa mlimani, vena na kijito cha bondeni. Kuichukua vena kuifanyisha kazi ya ateri ni kukitaka kijito kibebe maporomoko.

Hata hivyo ndivyo ilivyofanywa, tena kwa sababu njema. Mguu wa mwanadamu una vena ndefu chini ya ngozi, kuanzia kifundoni hadi kinenani. Mtu akiondolewa vena hiyo hapati dhara kubwa, kwa kuwa vena nyingine hushika kazi yake. Ni ndefu ya kutosha kukatwa vipande viwili, vitatu au zaidi, na kila kipande chaweza kushonwa upande mmoja katika mshipa mkuu na upande mwingine mbele ya mahali palipoziba. Damu hupita kando ya kizuizi, kama magari yapitavyo njia ya mchepuko daraja likivunjika. Ndani ya vena mna vilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Kwa hiyo mpasuaji hana budi kuigeuza, iliyokuwa juu iwe chini, ama vilango vitaifungia njia damu.

Wazo la mchepuko lilikuwa la zamani. Mfaransa Alexis Carrel, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa ustadi wa kushona mishipa ya damu, alikwisha kueleza mwaka 1910 majaribio yake ya namna hiyo kwa mbwa. Sindano na uzi vilikuwapo. Macho ndiyo yaliyokosekana. Hapana aliyeweza kuiona mishipa ya moyo wa mtu aliye hai ili ajue imeziba wapi, na mpasuaji asiyejua mahali pa kizuizi ni sawa na fundi aambiwaye avunje ukuta mzima kutafuta bomba moja bovu.

Macho hayo yalitoka katika mpira mwembamba uitwao katheta, uliobuniwa kwa kazi ya chini kabisa, yaani kutoa mkojo. Mwaka 1929, katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alitaka kuonyesha kwamba katheta yaweza kupitishwa katika vena ya mkono hata moyoni bila kumwua mtu. Mkubwa wake alimkataza. Forssmann akamshawishi muuguzi mwenye ufunguo wa vyombo, naye muuguzi akakubali afanyiwe yeye. Kijana yule akamfunga juu ya meza kama kwamba kazi inaanza, kisha akajichanja mwenyewe mkono wake wa kushoto, akaingiza katheta kiasi cha sentimita 65. Akateremka ngazi kwa miguu yake hata chumba cha eksirei, katheta ikiwa ndani, akapigwa picha iliyoonyesha ncha yake imo moyoni. Malipo yake yalikuwa lawama na dhihaka. Aliuacha uganga wa moyo akawa daktari wa njia za mkojo. Mwaka 1956, alipokuwa daktari katika mji mwingine mdogo, aliitwa kupokea Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, waliokuwa wameichukua njia yake wakaikuza huko New York. Kwa ukamilifu wa habari hapana budi kuongeza kwamba mtu huyu shujaa wa mwili wake mwenyewe alikuwa pia mwanachama wa chama cha Hitler. Historia haikuahidi kuwagawia watu sifa zote kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya pili ilikuwa ajali. Tarehe 30 Oktoba, 1958, katika Cleveland Clinic, jimbo la Ohio, Mason Sones alikuwa akipiga picha za vilango vya moyo wa kijana wa miaka 26. Yeye mwenyewe alikuwa katika shimo chini ya meza, mahali palipowekwa chombo cha kutazamia. Dawa ya picha ilipomiminwa, aliona kwa hofu kwamba ncha ya katheta ilikuwa imeteleza ndani ya ateri ya kulia ya moyo, na dawa yote imeingia humo. Wakati ule madaktari waliamini kwamba jambo hilo lilikuwa mauti. Sones alitoka shimoni mbio akitafuta kisu cha kupasulia kifua. Moyo ulikuwa umesimama. Akamwamuru mgonjwa akohoe; mgonjwa akakohoa, na kwa kikohozi kile moyo ukaanza tena kupiga. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kuapa kutorudia. Sones alishukuru, kisha akarudia. Akaunda katheta ya kufaa, akatumia dawa kidogo zaidi, na baada ya miaka michache alikuwa na maelfu ya picha za sinema zionyeshazo mishipa ya moyo ya watu walio hai, na mahali ilipobanwa.

Picha hizo zilimngojea René Favaloro. Mwargentina huyu aliyezaliwa La Plata mwaka 1923 alikuwa amekaa miaka 12 katika Jacinto Aráuz, mji mdogo wa jimbo la La Pampa, akiwa daktari wa wakulima pamoja na ndugu yake. Alikwenda Cleveland mwaka 1962, Kiingereza chake kikiwa kichache, na jioni baada ya kazi hukaa na Sones kutazama filamu. Tarehe 9 Mei, 1967, alimpasua mwanamke wa miaka 51 ambaye ateri yake ya kulia ya moyo ilikuwa imeziba, akaunga mahali palipoziba kwa kipande cha vena ya mguu. Muda si mrefu alianza kuishona vena moja kwa moja katika mshipa mkuu, na operesheni hiyo ikaenea duniani.

Kwa haki, hakuwa wa kwanza kuitumia vena. Mwaka 1962 David Sabiston alikwisha kuijaribu huko Marekani, na mgonjwa wake akafa siku chache baadaye kwa kiharusi. Mwaka 1964 wapasuaji wa Houston waliifanya wakafaulu, lakini hawakuitangaza hata mwaka 1973. Katika Leningrad mwaka huo huo wa 1964, Vasilii Kolesov aliunga mshipa wa moyo kwa ateri ya ndani ya kifua, na habari zake wenzake wa Magharibi hawakuzijali. Favaloro alipata jina kwa kuwa alifanya mara nyingi, akahesabu, akaandika, na wengine wakaweza kumfuata. Kama ni dhuluma kwa wale wa kwanza, ni dhuluma ya namna ambayo elimu haiwezi kuikwepa, maana jambo lisiloandikwa halimfai mgonjwa wa daktari mwingine.

Furaha ilikuwa kubwa. Watu walioshindwa kupanda ngazi kwa maumivu ya kifua walirudi mashambani na maofisini. Lakini kijito kilikuwa kimebebeshwa maporomoko, na dalili hazikukawia. Katika mwezi wa kwanza baadhi ya vena ziliziba kwa damu kuganda. Katika mwaka wa kwanza nyingine zilianza kuwa nene kwa ndani, ukuta wake ukijiongezea nyama kwa kujikinga na mapigo yasiyo ya desturi yake. Baada ya miaka, katika ukuta huo ulionenepa, mafuta yalijijaza. Kwa hesabu zilizopatikana baadaye, vena moja hadi mbili katika kila 10 huziba kabla ya mwaka kwisha, na baada ya miaka 10 karibu nusu ya vena zote huwa zimeziba au zimeharibika sana.

Ugonjwa huo una tabia yake. Wayunani walikuwa na neno la uji, na kwa neno hilo madaktari waliunda jina atheroma, yaani yale mafuta mazito yaliyomo katika ukuta wa mshipa mgonjwa. Katika ateri ya asili uji huo mara nyingi hufunikwa na ngozi ngumu, na huchukua makumi ya miaka kujikusanya. Katika vena ya kuazima hujikusanya upesi, huenea urefu wote wa mshipa, na kifuniko chake ni chembamba au hakipo kabisa. Ni uji kweli kweli: laini, wa manjano, tayari kumwagika ukiguswa. Jambo hili dogo ndilo lililowashinda werevu wengi.

Mgonjwa aliyerudi na maumivu miaka 10 baada ya operesheni alikuwa katika shida. Kumpasua mara ya pili kulikuwa hatari mno kuliko mara ya kwanza. Alikuwa ameongezeka umri, na ndani ya kifua kila kitu kilikuwa kimegandamana kwa makovu. Msumeno uliopasua mfupa wa kidari ungeweza kukata ule mshipa mmoja mzuri uliosalia. Kwa hiyo macho ya watu yaligeukia katheta kwa mara nyingine, safari hii si kwa kutazama bali kwa kutibu.

Kutibu kwa katheta kulianzishwa na Charles Dotter wa Portland, Oregon. Tarehe 16 Januari, 1964, alipanua ateri iliyobanwa katika mguu wa mwanamke wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu huo, na mwanamke akaendelea kuutembelea hata alipokufa kwa maradhi mengine. Marekani haikumjali sana Dotter, Ulaya ilimsikia. Mjerumani Andreas Grüntzig, aliyefanya kazi Zürich nchini Uswisi, aliliweka puto dogo katika ncha ya katheta. Mengi katika maputo yake ya kwanza yaliundwa juu ya meza ya jikoni nyumbani kwake, jioni, kwa gundi na uzi, pamoja na mkewe na wasaidizi wake. Tarehe 16 Septemba, 1977, alilipitisha puto katika ateri ya mbele ya moyo wa mtu wa miaka 38, akalijaza, akalitoa. Mshipa ukafunguka. Ulipotazamwa tena miaka 10 baadaye ulikuwa wazi bado.

Mwaka 1979 Grüntzig alitoa habari za wagonjwa wake 50 wa mwanzo, na katika 32 alikuwa amefaulu. Miongoni mwao walikuwamo wachache ambao mshipa uliobanwa haukuwa wa asili, ulikuwa vena iliyopandikizwa. Puto liliifungua, lakini katika baadhi yao mshipa ulijibana tena upesi, na Grüntzig mwenyewe aliona kwamba vena hizo hazikuwa mahali pema pa kutumia chombo chake. Sifa moja ya mtu huyu ni kwamba aliyatangaza mashaka yake pamoja na mafanikio yake, mbele ya watu wale wale waliokuwa wakimshangilia. Aliuawa katika ajali ya ndege aliyokuwa akiiendesha mwenyewe, huko Georgia, mwezi wa Oktoba 1985, akiwa na miaka 46.

Onyo hilo halikuwazuia watu, na pengine halikuweza kuwazuia, kwa kuwa wagonjwa walikuwapo na hapakuwa na njia nyingine nzuri. Puto lilipojazwa ndani ya vena nzee, ukuta ulipasuka na uji ukatoka. Damu iliusukuma mbele hata katika mishipa midogo kama nywele, ikaizibua hapa na kuiziba kule. Daktari aliona katika picha ajabu ya kuvunja moyo: mahali palipobanwa pamefunguka vizuri, na damu haiendi. Mgonjwa aliyekuja kwa maumivu hupatwa na shambulio la moyo mezani, chini ya mikono ya wale wale waliotaka kumponya.

Wazo lililofuata lilikuwa la kuukata uchafu na kuuondoa badala ya kuukandamiza. Kiliundwa chombo chenye kisu kidogo kizungukacho, chenye chumba cha kuwekea vipande. Fikra hiyo ilipendeza sana masikioni. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 305 wenye vena zilizobanwa, waliogawanywa kwa kura kati ya kisu na puto. Kisu kiliipanua mishipa vizuri zaidi kidogo, lakini uchafu ulipeperukia mbele kwa wagonjwa 13.4 katika kila mia, na kwa puto 5.1 tu. Fundi aliyekuja kufagia alikuwa ameitimua vumbi nyumba nzima.

Kisha ikaja stenti, kikanda cha waya wa chuma kilichosukwa kama dema, kikunjwacho juu ya puto na kuachwa ndani ya mshipa kuushikilia usijifunge. Jacques Puel wa Toulouse na Ulrich Sigwart wa Lausanne waliziweka za kwanza katika mioyo ya watu mwaka 1986. Kwa vena za kuazima, jaribio kuu lilitangazwa mwaka 1997, la wagonjwa 220. Stenti ilifaulu siku ya kazi kwa wagonjwa 92 katika mia, puto kwa 69. Lakini baada ya miezi 6 vena zilizobanwa tena zilikuwa 37 katika mia kwa stenti na 46 kwa puto, tofauti ambayo wajuzi wa hesabu hawakuweza kusema kwa hakika kwamba haikuwa ya bahati tu. Stenti ilishinda, kwa kuwa wagonjwa wake walipatwa na madhara machache zaidi kwa jumla. Ushindi wake haukuwa wa ngoma na vigelegele.

Uji ulikuwa ungali pale. Mwishoni mwa karne walijitokeza watu waliouliza swali rahisi: kama uchafu hauna budi kutoka, kwa nini usikingwe? Ukaundwa waya wenye tundu ndani yake na puto laini karibu na ncha. Waya hupitishwa mbele ya mahali pabovu, puto hujazwa, damu husimama kama maji nyuma ya boma. Daktari huweka stenti, uji hutoka na kubaki katika damu iliyosimama. Kisha hupitishwa mrija, damu ile chafu ikafyonzwa nje, na ndipo puto hulegezwa. Wale waliomimina damu hiyo katika chujio waliona chembe za manjano kwa macho yao. Mabishano mengi ya nadharia yalikwisha siku hiyo, maana mtu aliyeiona takataka sahanini hahitaji kushawishiwa kwamba ilikuwapo.

Mwaka 2002 Donald Baim na wenzake walitangaza jaribio la wagonjwa 801. Kwa waliotibiwa bila kinga, 16.5 katika mia walikufa, walipatwa na shambulio la moyo au walilazimika kutibiwa tena katika siku 30. Kwa waliokingwa, 9.6. Hali ile ya damu kukataa kwenda ilipungua kutoka 9 hadi 3 katika mia. Katika habari yote ya vena za kuazima hapana ushindi ulio wazi kuliko huu. Mwaka 2003 kinga ya aina ya pili, kifuko cha chujio kifunguliwacho ndani ya mshipa kama mwavuli, chenye vitundu vya kama sehemu ya kumi ya milimita, ilionekana kufanana na ile ya puto. Uzuri wake ni kwamba damu haisimami, na moyo hauachwi na kiu wakati wa kazi. Upungufu wake ni kwamba chembe ndogo kuliko vitundu hujipitia.

Na hapa ndipo jambo la ajabu linapotokea. Mtu angedhani kwamba baada ya mwaka 2002 hapana mgonjwa aliyetibiwa bila kinga. Hesabu za Marekani zilionyesha kwamba ilitumiwa kwa takriban mgonjwa mmoja katika kila watano. Sababu zilisemwa nyingi. Kinga hutaka nafasi safi mbele ya mahali pabovu, na mara nyingi nafasi hiyo haipo. Huongeza gharama na dakika. Hutaka mkono uliozoea. Sababu hizi ni za kweli, lakini hazitoshi kueleza wanne katika watano. Mwaka 2015 ukafuata uchunguzi wa wazee zaidi ya 49,000 wa Marekani uliosema kwamba katika matibabu ya kila siku kinga haikuonekana kuleta faida. Wataalamu wa nchi hiyo, waliokuwa wameiweka mwaka 2011 katika daraja la mambo ya lazima, waliishusha mwaka 2021 ikawa jambo la busara pale liwezekanapo. Uchunguzi wa namna hiyo haukugawanya watu kwa kura, na huenda waliokingwa ndio waliokuwa na vena mbovu zaidi. Basi kulishusha jaribio la kura kwa uzito wa daftari za hospitali ni uamuzi unaoweza kutiliwa shaka.

Habari za stenti zenye dawa ni fupi na zafundisha kuliko urefu wake. Stenti hizi hupakwa dawa izuiayo nyama kuota ndani ya mshipa, na katika ateri za asili zilifanya kazi nzuri sana. Zilipotiwa katika vena, jaribio dogo la Ubelgiji la wagonjwa 75 lilionyesha mwaka 2006 kwamba mishipa iliyojibana tena ilikuwa michache zaidi. Mwaka uliofuata waganga wale wale walirudi na habari ya kutisha: katika wagonjwa 38 wa stenti zenye dawa walikuwa wamekufa 11, na katika 37 wa stenti za kawaida hapana aliyekufa. Majaribio makubwa zaidi hayakuiona hatari hiyo. Idadi ndogo huweza kudanganya kwa wema na kwa ubaya. Jaribio la Ujerumani la wagonjwa 610 lilitangaza mwaka 2011 kwamba dawa ilipunguza madhara ya mwaka wa kwanza kutoka 22 hadi 15 katika mia. Waliposubiri miaka 5, pande mbili zilikuwa sawa, na zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kila upande walikwisha kupatwa na dhara. Mwaka 2018 jaribio la hospitali 25 za maaskari wastaafu wa Marekani, la wagonjwa 597, halikuona tofauti hata katika mwaka wa kwanza: 17 katika mia kwa 19.

Maana ya hesabu hizi si vigumu kuiona. Stenti hukitengeneza kipande cha sentimita mbili cha mshipa ambao wote ni mgonjwa. Kipande hicho hubaki wazi, na ugonjwa huendelea juu yake na chini yake, katika vena ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo. Dawa ya kuzuia nyama haizuii uji. Walioutafuta ushindi katika chuma na dawa walikuwa wakitengeneza dirisha katika nyumba ambayo msingi wake unatitia.

Kwa hiyo baadhi ya mabingwa wameanza kuirudia njia ya zamani kabisa. Kama vena imeharibika, husema, na iachwe, na katheta ipite katika ateri ya asili iliyoziba miaka mingi iliyopita, ikatoboe kizuizi chake cha kwanza. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nyingi, na ateri iliyoziba miaka 15 huwa ngumu kama jiwe. Wataalamu wa Ulaya waliikubali mwaka 2018 kuwa njia ya kufikiriwa kwanza. Wengine wanabisha kwamba mzee aliyechoka haendi kuteswa saa tatu mezani kwa sababu ya kanuni, na mabishano hayajafikia mwisho.

Wapasuaji nao walijifunza. Mwaka 1986 Cleveland Clinic ile ile ilionyesha kwamba wagonjwa waliowekewa ateri ya ndani ya kifua katika mshipa wa mbele wa moyo waliishi zaidi kuliko waliowekewa vena tupu. Baada ya miaka 10 zaidi ya ateri 9 katika kila 10 zilikuwa wazi. Mlango aliougonga Kolesov huko Leningrad ulifunguliwa miaka 22 baadaye. Lakini ateri za kifua ni mbili tu, na moyo mgonjwa mara nyingi huhitaji michepuko mitatu au minne. Vena ya mguu ingali yakatwa kila siku katika hospitali za dunia, kwa kuwa ipo, ni ndefu, na haraka hupatikana. Mgonjwa hupewa aspirini ili damu isigande, na dawa za kupunguza mafuta, ambazo jaribio la mwaka 1997 lilithibitisha kwamba huchelewesha ugonjwa wa vena.

Favaloro alirudi Argentina mwaka 1971, akaanzisha taasisi yake mwaka 1975, akafundisha mamia ya wapasuaji, na akatibu matajiri na maskini. Taasisi ikaingia katika madeni makubwa, hali wenye kudaiwa nayo hawakulipa, na barua zake za kuomba msaada hazikujibiwa kwa wakati. Tarehe 29 Julai, 2000, nyumbani kwake Buenos Aires, alijipiga risasi ya moyo. Mwaka huo huo maelfu ya watu waliokuwa na vena alizowafundisha wenzake kuzipandikiza walikuwa wakilazwa juu ya meza za katheta.

Mgonjwa wa namna hiyo hufika akiwa amesahau mengi, na cheti cha operesheni yake ya miaka 14 iliyopita mara nyingi kimepotea. Daktari huingiza katheta katika kifundo cha mkono au kinena, akaipandisha hata mshipa mkuu, kisha huanza kupapasa ukuta wake, nchi baada ya nchi, akitafuta midomo ya vena ambayo hajui ni mingapi wala imeshonwa wapi. Kila dakika ya kupapasa humwongezea mgonjwa dawa ya picha, nayo huyaumiza mafigo ya wazee. Wapo wapasuaji ambao, wamalizapo kuishona vena, huweka mdomoni mwake pete ndogo ya chuma ionekanayo katika eksirei, ili atakayekuja nyuma aione njia. Pete hiyo haigharimu sana na huwekwa kwa dakika moja. Wapasuaji wengi hawaiweki.